Makaburi Mawili ya Raheli

Siku mafundi walipokuja kumpima kaburi, Raheli alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, akiosha tangawizi. Maji ya bomba yalikuwa na ile baridi ya Mamba, huku milima ya Pare, inayoingia kwenye vidole na kukaa humo mpaka jua la mchana. Alikuwa akivunja kila tangawizi pale penye kiungo, anasugua udongo kwa kidole gumba, anatupia kwenye tenga. Mwanawe mkubwa, Hezroni, alitokea kwenye kona ya nyumba akiwa na viatu vya mjini, na nyuma yake mafundi wawili wenye futi, kamba na vigingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hukusema unakuja? Ningeinjika makande."

"Tumekula Same. Mama, hebu simama kidogo."

Raheli alisimama, maji yakimchuruzika viganjani. Fundi mmoja akashika futi kisiginoni kwake, mwenzake akaivuta mpaka utosini. Wakampima na mabega. Hezroni akauliza kama haifai kuongeza kidogo, na fundi akamjibu kwamba wazee hawaongezeki, wanapungua, ila jeneza nalo lina unene wake.

"Nashonewa nini?" Raheli aliuliza.

"Nakujengea nyumba ya kudumu, mama. Zege na vigae. Wenzako wanazikwa mbio mbio, mvua inanyesha, wachimbaji wamelewa, udongo unarudi shimoni. Nimesema mama yangu hataaibika."

"Wapi?"

"Kule chini, karibu na mfongo. Pana upepo mzuri."

Raheli alitazama kule chini, ambako shamba linaishia kwenye mfereji wa maji waliouchimba babu zao. Kisha akatazama mahali alipopataka yeye, hapo hapo karibu na jiko, kwenye migomba, alipolala Bahati, kitinda mimba wake, aliyekufa kwa surua kabla hajaota meno. Alikuwa amelisema jambo hilo kila Krismasi, kwenye vipaimara vya wajukuu, hata siku ya kuondoa matanga ya mumewe: mimi nilazeni na Bahati, na hiki kipande cha nyumba pamoja na tangawizi yake mwachieni dada yenu Jenifer. Wanawe wa kiume walikuwa wakimsikiliza huku wakijiongezea chai.

"Nilisema nilale kwa Bahati."

"Mama, jikoni si mahali pa mtu mzima kulala," Hezroni alisema kwa upole. Akateremka na mafundi wake.

Kwingine kaburi ni kaburi. Huku milimani kaburi ni shahidi. Watani husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na hata kama ni utani, hakuna asiyejua wazee wanauliza nini kwanza ardhi inapogombewa. Hawaulizi nani analima. Hawaulizi nani alipanda migomba. Wanauliza: nani amelala pale, na nani alimlaza? Aliyemlaza mama yake mahali, amepata mahali.

Raheli hakuogopa kufa. Alikwisha kuosha maiti nyingi za wanawake wenzake, na aliona kwamba wengi wao walikuwa na nyuso za watu waliotua mizigo. Alichoogopa ni kulazwa kule chini halafu awe shahidi wa Hezroni milele, asiyeweza kufumbua mdomo kukana, huku Jenifer akitolewa nje na masufuria yake. Jenifer ndiye aliyekuwa akiishi naye. Alirudi kutoka ndoa ya mjini Same akiwa na begi na kovu la shingoni, akaukuta mteremko wote ni magugu, akayang'oa kwa mikono mpaka ukawa shamba la tangawizi ambalo wanunuzi hulitaja kwa jina lake.

Kaburi lilikamilika. Vigae vyake vilikuwa vya buluu hafifu, kama vya mabafu ya nyumba za wageni, na juu lilikuwa na mfuniko wa zege wenye vishikio vya nondo. Hezroni aliliombea, akalipiga picha, akarudi mjini.

Asubuhi iliyofuata Raheli hakuiona ndala yake ya kushoto. Jenifer aliitafuta uvunguni, akaitafuta kwenye banda la mbuzi, akamsingizia mbwa. Jirani yao, Mzee Sifael, alikuwa akipita na jembe lake begani.

"Mnatafuta nini, nyie?"

"Ndala ya mama, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Ya kushoto?"

"Ndiyo."

"Basi mnapoteza muda. Leteni mtaimbo."

Wakateremka wote watatu hadi kwenye kaburi. Mzee Sifael na Jenifer waliinua mfuniko kwa mtaimbo, na ndani, upande wa miguuni, ndala ilikuwa imekaa sawasawa, kisigino kimeegemezwa kwenye kigae, kama inavyoachwa mlangoni kwa mtu.

"Haya ya vigae hayana subira," Mzee Sifael alisema. "La udongo mtupu linangoja mpaka Mungu aseme. Haya ya kujengwa mapema yanaanza kuhamisha. La marehemu Yunus, mnakumbuka, lilianza na miwani. Halafu kofia. Likachukua kikohozi chake, tukafurahi, tukadhani amepona."

"Halafu?" Raheli aliuliza, ingawa alijua. Alikuwa amepika kwenye msiba huo.

"Halafu palikuwa hapana kilichobaki cha kumshikilia. Akalifuata. Mzima kabisa, siku ya kuvuna." Mzee Sifael alipangusa mikono. "Usiweke vitu chini ovyo, Mama Hezroni. Ukishika, shika."

Raheli akaanza kushika. Alilala na ndala miguuni. Alikunywa chai bila kutua kikombe, akala bila kuweka kijiko, na alipokwenda kuoga alifunga nguo zake shingoni. Lakini mtu hana mikono ya kutosha kushika maisha yake yote kwa mara moja. Kikombe kilikwenda siku aliyopiga chafya. Kitabu cha nyimbo kilikwenda akiwa amekifumbata, akabaki amekumbatia hewa. Kigoda kilikwenda yeye akiwa amesimama kuwafukuza kuku, akarudi kukaa, akaanguka. Jenifer alishuka kila asubuhi na mtaimbo, akavirudisha vitu kwa tenga, na kila asubuhi iliyofuata vilikuwa vimerudi kule, vimepangwa vizuri kuliko alivyovipanga yeye nyumbani.

Kisha kaburi likaanza kuchukua visivyoshikika. Lilichukua joto la nyayo zake. Akiweka miguu motoni iliungua bila kupata joto. Siku moja Raheli aliivunja tangawizi mbichi, akaipeleka puani kama alivyofanya tangu akiwa msichana, na hakusikia kitu. Akavunja nyingine. Akatafuna, ikawa kama anatafuna kipande cha mgomba. Akaketi chini, kwani kigoda hakikuwepo, akaita kwa sauti ambayo Jenifer hakuwahi kuisikia.

"Limechukua harufu, Jeni. Limechukua tangawizi."

Jenifer aliteremka mbio, akainua mfuniko peke yake. Shimo lote lilinukia tangawizi, harufu ya kuchoma macho. Lakini harufu haibebeki kwa tenga.

Alimpigia simu kaka yake.

"Kaka, kaburi lako linammaliza mama."

"Si langu, ni lake," Hezroni alisema. Nyuma yake zilisikika honi za stendi. "Na kama linampokea, ujue amepakubali. Mbona unafanya hivyo Jeni, kama vile unapata hasara?"

Habari zilifika Kileo, huko bondeni, ambako mwana wa pili, Rodrick, alikuwa akilima. Alipanda mlimani na mafundi wake mwenyewe, watu wa Mwanga, na wao wakaja na futi. Rodrick hakuwa na ubaya na mtu. Alimshika mama yake mikono, akasema imekuwa baridi mno, akalia kidogo, machozi ya kweli. Kisha akajenga kaburi la pili kule juu, kwenye kipande kinachopakana na msitu. Vigae vyake vilikuwa vyeupe vyenye maua, na alilipigia paa la bati.

"Hezroni asidhani mama ni wake peke yake," alimwambia Jenifer. "Mimi nami nilinyonya."

"Mimi je?"

"Wewe si upo hapa hapa? Unamfaidi kila siku."

Tangu hapo vitu vya Raheli viligawanyika. Ndala ya kushoto ilikwenda chini na ya kulia juu. Kikombe kilipatikana kwa Hezroni na sahani yake kwa Rodrick. Nywele zake zilipungua upande mmoja, kisha upande wa pili, kwa zamu. Alipolala alihisi miguu ikivutwa kwenye mfongo na kichwa kikivutwa msituni, taratibu, bila hasira, kama wanawake wawili wanaokamua shuka iliyofuliwa. Alianza kuogopa kujinyoosha. Alilala amejikunyata, magoti kifuani, akijishika vifundo vya miguu, na asubuhi Jenifer ilibidi amfungue kidole kwa kidole.

Jumapili moja kanisani, wimbo wa kutoa sadaka ulipoanza, Raheli alisimama na wenzake na mguu wake wa kulia ukaanza kupanda kuelekea madhabahuni, upande wa msitu, na wa kushoto ukashuka kuelekea mlangoni. Akinamama wa benchi lake walimshika mabega bila kukatiza wimbo. Mchungaji alisubiri ubeti uishe, akasema si vema familia za Kikristo kumchosha mzazi, wakae wakubaliane. Kwaya ikaendelea. Wakati wa matangazo walikumbushwa pia kuhusu kuchangia mabati ya nyumba ya mwinjilisti.

Njiani kurudi, Jenifer alisema waende Same wakaandike wosia kwa wakili.

"Karatasi itasomwa nikishalala," Raheli alisema. "Na wao watauliza nimelala wapi."

Walipanda. Ukungu ulikuwa umeshuka, na migomba ya watu ilionekana nusu nusu. Walipofika nyuma ya jiko, Raheli alisimama.

"Nichimbie."

"Nini?"

"Hapa, kwa Bahati. Nichimbie wewe."

Jenifer alicheka, kicheko cha mtu aliyekanyaga kitu cha baridi gizani. "Mama, mimi nikuchimbie kaburi? Mimi ninayekuokota kila asubuhi?"

"Kaka zako wamenichimbia na hawaogopi."

"Ndiyo maana mimi naogopa!"

"Sikia. Mwenye kaburi ndiye mwenye mahali. Usiponichimbia, nitakwenda kwa mmoja wa hao, na wewe utafukuzwa nikiwa bado na joto. Sitaki vigae. Udongo mtupu, unaongoja. Nichimbie, Jeni, kabla hawajamaliza kunihamisha."

Jenifer aliingia jikoni akafunga mlango. Raheli alisikia sufuria ikianguka, na baada ya kitambo sauti ya mtu anayelia akiwa amejiziba mdomo kwa kanga. Kisha mlango ukafunguliwa, Jenifer akatoka na sururu na chepe, amejifunga kibwebwe.

Alichimba akiwa anazungumza na udongo kwa Chasu, lugha yao ya nyumbani, maneno ambayo mama yake alijifanya hayasikii. Kila alipopiga sururu, Raheli alihisi pigo tumboni, pale pale alipombeba huyu anayepiga. Aliogopa kwamba shimo likifika kina chake atashindwa kukaa nje. Aliogopa zaidi kwamba Jenifer ataacha. Jua lilipokuwa likielekea kuzama, Jenifer alipanda kutoka shimoni, akaketi ukingoni, miguu ikining'inia, akiwa na udongo mpaka kwenye nyusi.

"Ingia uone kama linakutosha," alisema kwa ukali, kisha akashika mdomo. "Usiingie. Nimetania."

"Litatosha," Raheli alisema.

Asubuhi ndala zote mbili zilikuwa mlangoni. Kikombe kilikuwa kwenye kichanja, na kigoda mahali pake nyuma ya jiko. Raheli alikaa juu yake kwanza kwa ncha, kama mtu anayekalia cha wenyewe. Aliinua tangawizi, akaivunja, na harufu ikampanda mpaka machozi yakamtoka. Lile shimo la udongo halikuchukua kitu. Lilikaa tu, limefumbua mdomo, likanyeshewa na mvua, vyura wakaingia, Jenifer akawatoa.

Hapo ndipo ukoo ulipoitisha kikao.

Kilifanyika sebuleni kwa Eliufoo, mdogo wa marehemu mume wa Raheli, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Chai ililetwa. Hezroni alikaa karibu na dirisha la chini na Rodrick karibu na la juu. Jenifer alisimama mlangoni, kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha.

"Shemeji," Eliufoo alisema, "makaburi matatu kwa mtu mmoja si jambo la kawaida. Sema wewe mwenyewe."

Raheli alikuwa na hofu kwamba sauti nayo ingemtoka, ikapatikane kwenye zege. Haikumtoka. Alisimama, akasema yote, moja baada ya jingine, bila kukohoa: kwamba yeye ana akili zake timamu, kwamba ana watoto watatu walio hai na mmoja aliyelala, kwamba anataka alazwe na huyo aliyelala, kwamba nyumba na kipande cha tangawizi ni vya Jenifer, ambaye ndiye aliyemchimbia. Kwamba wasimpeleke chini wala juu. Hakuna aliyemkatiza. Mzee Sifael, aliyeitwa kama jirani na shahidi, alitikisa kichwa kwa kukubali.

"Umesema vizuri sana, shemeji," Eliufoo alisema. "Wote tumesikia?"

Wote walisema wamesikia.

"Vizuri. Sasa tuingie kwenye shauri." Akatua kikombe. "Kaburi la chini limechimbwa na mtoto wa kiume wa nyumba hii. La juu pia. Haya ni makaburi. Kile cha nyuma ya jiko ni shimo."

"Lina kina kile kile, baba mdogo," Jenifer alisema kutoka mlangoni.

"Sibishi kina. Mwanamke akichimba shimo ni la mgomba, au la takataka. Binti ni wa kwa watu. Hawezi kumlaza mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hana mahali."

"Hata aliyerudi?"

Eliufoo alimtazama kwa huruma. Alikuwa anampenda, ndiye aliyempa jina.

"Aliyerudi ni mgeni aliyekaa muda mrefu, mwanangu."

Mtu mmoja akacheka kidogo, kisha akajikohoza. Jenifer alimgeukia Hezroni. "Kaka, sema basi. Nani alikulipia nauli ya kwenda kuanza biashara mjini? Si tangawizi hii hii?"

"Jeni, usilete mambo ya ndani kwenye kikao," Hezroni alisema, akitazama viatu vyake.

Shauri lilikwisha kabla chai haijapoa. Ardhi ingegawanywa katikati ya makaburi mawili, na mpaka ungepita pale unapopita, hata kama ni ndani ya nyumba. Mama angekwenda kwa lile litakalomvuta kwanza, na atakayempata asimsimange mwenzake. Hezroni na Rodrick walipeana mikono. Eliufoo akaomba, akamshukuru Mungu kwa ajili ya familia zinazopanga mambo yao mapema, wazee wakiwa hai, wakaweza kusikilizwa.

Vijana wa ukoo walikwenda kufukia shimo la Jenifer siku hiyo hiyo. Walifanya kwa heshima, wamevua kofia, na mmoja alimwomba radhi. Juu yake wakapanda mgomba, ili isiwe kazi bure. Raheli alisimama kwenye mlango wa jiko akiwatazama, na chepe la mwisho lilipotua alihisi nyayo zake zikipoa tena, kwanza dole gumba, kisha vingine. Alitazama chini. Ndala hazikuwepo.

Mpaka ulipandwa masale, yale majani marefu yanayotenga shamba na shamba. Yalipita katikati ya jiko. Mafiga yaliangukia upande wa Rodrick na bomba la maji upande wa Hezroni, na Jenifer aliomba ruhusa ya kuchota, akaruhusiwa, kwa sasa. Wanawe Raheli walianza kuja nyumbani mara nyingi kuliko zamani. Hezroni aliteremsha godoro jipya ndani ya kaburi lake, maana alisikia mama analalamika mgongo. Rodrick aliweka ndani ya lake redio yenye nyimbo za kwaya, na mchana kutwa zilisikika zikitoka chini ya bati kule msituni, nzuri, kwa sauti ya chini. Walipomaliza kuvipangusa vigae, walipita nyumbani kumsalimu mama yao, na kila mmoja alimtazama kwanza miguu, kuona imeelekea wapi.

Siku hizi Raheli na Jenifer wanafungana. Wameunganisha kanga kuukuu zikawa kama kamba, ncha moja kiunoni kwa mama, nyingine kiunoni kwa binti, na hivyo ndivyo wanavyokwenda bombani, kanisani na shambani. Si wao peke yao. Kwenye mteremko ule kuna nyumba nyingine zenye vigae, na ukipita njia ya juu siku ya soko utawaona wazee wamefungwa kwa wajukuu, kwa milango, mmoja kwa ng'ombe. Watu husalimiana, huuliza mafundo.

"Mmekaza leo?" Mzee Sifael aliuliza siku moja alipowapita wakivuna. "La juu naona lina nguvu, redio imewekwa betri mpya."

"Tumekaza, babu."

Walikuwa kwenye kipande ambacho bado hakijavunwa. Matuta ya chini yalikwisha kuchukuliwa na watu wa Hezroni na ya juu na watu wa Rodrick. Huku katikati Jenifer aliambiwa avune kwa niaba yao wote wawili, wakija watagawana. Alikuwa akipiga jembe, mama yake akikusanya. Raheli alikuwa amekuwa mwepesi. Asubuhi hiyo alijitazama kwenye maji ya beseni na hakuona vizuri mahali uso ulipoanzia.

Mvuto ulikuja jua likiwa utosini. Safari hii haukuwa wa taratibu. Ulitoka chini, ukamnyanyua miguu, akaanguka kifudifudi na kuanza kuburuzwa kwenye matuta kuelekea mfongo, vidole vyake vikichora udongo, mdomo umejaa majani ya tangawizi. Hakupiga kelele, kwa kuwa kelele zilikwisha tangulia kaburini. Kanga ikakazika. Jenifer alitupa jembe, akachuchumaa, akakita visigino, na kanga ikasimama kama imefungwa kwenye mwamba.

Raheli alibaki amening'inia katikati ya mlima, uso chini. Alisubiri binti yake ateleze. Hakuteleza. Hakusogea hata kidogo, ingawa alikuwa mwembamba, ingawa hakuwa amekula tangu jana yake. Raheli aligeuza shingo akamtazama, na hapo akaelewa kilichomshikilia. Hapakuwa na shimo popote, Pare nzima, lililochimbwa kwa ajili ya Jenifer. Hapakuwa na aliyewahi kujiuliza atalala wapi. Hakuna kitu kilichomvuta upande wowote, na kwa hiyo hakuna kitu mlimani kilichokuwa kizito kama yeye.

Mvuto ulilegea. Kule msituni redio ilikuwa ikiimba. Raheli alitambaa mpaka miguuni kwa binti yake, akashika kifundo cha mguu wake, akatafuta sauti mpaka akaipata, ndogo, kama ya mtu anayeongea kutoka chini ya kitu.

"Na wewe, mwanangu? Wewe watakulaza wapi?"

Jenifer alikuwa akihema. Alifuta jasho kwa mkono wenye udongo, akatazama chini kwenye vigae vya buluu, akatazama juu kwenye bati.

"Kaza fundo, mama," alisema. "Linalegea."